Krediti 180 ziko ku kartasi. Masaa yake iko wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Goma, Oktoba 2023

Tunajua wengine mumetoka Ndosho kwa miguu, na wengine mumeacha biashara ya asubui ili mufike. Hatutawachelewesha.

Munaingia chuo kikuu na kila mutu anawaambia: muko na bahati, siku hizi ni LMD, diploma yenu itajulikana dunia yote. Sisi tunawaomba muulize swali moja mbele ya kulipa minervali: krediti njo nini?

Zamani gradwa ilikuwa miaka 3, lisansi 2 juu yake. Sheria ya elimu ya 2014 ilifungulia LMD mulango, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serkali ikataka vyuo vyote viingie. Sasa lisansi ni miaka 3, masta 2, kisha dokitora. Jumla ya lisansi na masta ni ileile 5, lakini angalieni: neno «lisansi» limebaki, maana yake imepunguka. Kaka yako alikuwa lisansie kisha miaka 5. Weye utakuwa lisansie kisha miaka 3, na ukipeleka dosie kazini watakuuliza: na masta iko wapi? Nani aliwaeleza mama zetu jambo hili? Wao njo wanauza makala na vitenge ili tulipe.

Turudie kwa krediti. Utaratibu huu ulitoka Ulaya, na ulitiwa nguvu kule Bologna, mwaka 1999, wakati mawaziri wa inchi 29 walipatana kulinganisha masomo yao. Mwaka moja ni krediti 60, miaka mitatu ni 180. Na kwao krediti moja ni masaa 25 mpaka 30 ya kazi ya mwanafunzi: kusikiliza somo, ndiyo, lakini pia kusoma peke yake, kufanya TP, kuandika, kujitayarisha kwa mtihani. Pigeni hesabu. Somo la krediti 4 ni masaa 100 kwa uchache.

Sasa tusemezane ukweli wa kwetu. Mwaka uliopita, wamoja kati yetu walikuwa na somo la krediti 4. Profesa mugeni alifika siku ya kwanza ya juma, akafundisha asubui mpaka jioni, tukanunua silabusi, Jumamosi tukafanya mtihani, Jumapili akapanda ndege. Siku sita! Na ile kazi ya peke yetu? Maktaba ilikuwa imefungwa, umeme haukuwa, na megabaiti za simu ziliisha siku ya pili. Ku releve waliandika krediti 4 na cote 12. Cote 12 tuliitafuta kwa jasho, hiyo hatukatai. Ila zile krediti 4, hapana, haikufika hata nusu yake. Na hatumtukani profesa: maprofesa ni wachache, mshahara unachelewa, anazunguka na valizi yake kama mufanyabiashara. Anayetakiwa kujibu ni yule anayetia muhuri.

Mutasema: lakini karatasi si tuko nayo? Sikilizeni. Kuna mapatano ya UNESCO juu ya kutambua diploma za masomo ya juu, ya dunia nzima, yalianza kutumika Machi 2023. Ya Afrika yaliandikwa Addis Abeba mwaka 2014. Yote mawili yanasema inchi iliyokubali isikatae diploma ya mugeni bila kuonyesha tofauti kubwa kati ya masomo. Ni jambo zuri. Lakini ile tofauti wataitafuta wapi? Ndani ya orodha ya masomo yako na masaa yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kule Kenya lisansi nyingi ni miaka 4. Siku utapeleka dosie Nairobi kutafuta masta, watakuuliza: ulisoma nini, masaa ngapi? Kama releve inaandika jina la somo tu, utajibu nini?

Kuna Kingereza pia. Wanakiweka ndani ya programu, krediti mbili, na oditwari moja yenye watu mia tatu wanaoandika maneno ya ku tableau. Hapo hakuna anayefungua kinywa. Na kujua dunia si Kingereza tu. Bei ya shaba ya Katanga inapangwa kila siku ku soko la madini la London. Mwanafunzi wa uchumi wa hapa amalize miaka mitatu bila kujua bei ile inapatikana namna gani? Somo kama hilo tungelikubali hata lingeondoa mengine mawili ya kukopia.

Tunachodai si kingi. Kila fakulte ibandike ku mulango, mbele ya mwezi wa kwanza wa masomo kuisha, orodha ya masomo yote, krediti zake, na masaa ya kila moja. Maktaba ifunguliwe mpaka saa moja ya jioni. Releve iandike masaa ambayo tulifundishwa kweli.

Leo tunaanza na kazi ndogo. Kila mutu achukue kaye moja. Kila somo, andika tarehe, saa profesa alianza, saa alimaliza, na kama kulikuwa TP. Delege wa kila promosheni atakusanya mwisho wa mwezi, na sisi tutajumlisha na kupeleka ku rektora hesabu yetu kando ya hesabu yao. Kaye ziko pale kwa meza, kwa mwenye hana.