Kodi ya Mauzo Usiyoyafanya

Mkenya au Mtanzania anayeishi na kuweka akiba Marekani, akipima kati ya hisa zenye gawio na vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwanza hutazama viwango vya kodi. Viwango havimsaidii sana. Gawio lililotimiza masharti hutozwa na serikali kuu asilimia 0, 15 au 20 kulingana na kipato, liwe limetoka moja kwa moja kwenye kampuni au limepitia kwenye mfuko. Swali zito ni nani anayepanga siku ya kodi. Mwenye hisa hatozwi kwa bei kupanda mpaka auze mwenyewe. Mwenye vipande hutozwa meneja akiuza, kwa kuwa mfuko huwagawia wanachama faida ya mauzo kila mwaka ili wenyewe usitozwe. Aliyeingia Novemba aweza kupewa Desemba mgao wa faida iliyolimbikwa miaka mingi kabla yake. Bei ya kipande hushuka kwa kiasi kilekile, naye hudaiwa kodi bila kutajirika.

Chukua mfano: Desemba 2020 kampuni ya Vanguard ilishusha kima cha kuingia mifuko ya kustaafu ya wawekezaji wakubwa, kutoka dola milioni 100 hadi milioni 5. Wengi wakahamia huko kutoka mifuko yake ya kawaida ya aina hiyo. Ili kuwalipa, mifuko hiyo ya kawaida iliuza mali, na mwishoni mwa 2021 wawekezaji wadogo waliobaki, wale waliokuwa nje ya akaunti za kustaafu, wakabebeshwa kodi nzito. Hawakuuza chochote.

Utaniambia kodi hiyo ingelipwa tu siku moja, na ukiurudisha mgao kwenye mfuko, gharama yako ya ununuzi kwa hesabu ya kodi huongezeka. Ni kweli, lakini fedha iliyolipwa leo haizai tena kesho. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba hisa chache ni hatari: General Electric ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 12 hadi senti 1 mwaka 2018, na hakuna nafuu ya kodi inayofidia pigo hilo. Ndiyo maana siwaambii watu wakimbie mifuko. Nasema mfuko wenye meneja anayeuza mara kwa mara ukae ndani ya akaunti ya kustaafu, ambako mgao wa Desemba hautozwi mwaka huo. Anayeununua nje ya akaunti hiyo mwishoni mwa mwaka aulize kwanza makadirio ya mgao. Mifuko mingi huyatangaza mapema.