Tundu Dogo, Hesabu Kubwa
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya sayansi kwa wananchi. Mimi si daktari. Kazi yangu serikalini ni mafaili na makadirio ya matumizi. Lakini nimechagua upasuaji wa sehemu za ndani kabisa za ubongo kwa kupitia tundu dogo, kwa sababu habari yake inawahusu vijana hawa moja kwa moja.

Ugonjwa uliojificha katikati ya ubongo una shida ya namna yake. Hatari haiko katika kuutibu tu, bali pia katika njia ya kuufikia. Kila kisu kinapopita pana kazi yake: hapa usemi, pale kuona, kwingine kutembea. Daktari anaweza kuuondoa uvimbe, akamwacha mgonjwa bubu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tukate vipi?" hapana budi kuuliza "ni mahali gani hasa?"

Swali hilo lilijibiwa kwa hesabu. Kila mwanafunzi hapa anajua kwamba nukta kwenye karatasi ya grafu hupatikana kwa tarakimu mbili. Ndani ya kichwa zinatakiwa tatu. Mwaka 1908, Horsley na Clarke wa London walieleza fremu ya kupimia hivyo vichwa vya wanyama. Mwaka 1947, Spiegel na Wycis wa Philadelphia walitangaza fremu ya binadamu. Sasa sindano nyembamba iliweza kufika mahali palipokusudiwa bila kupapasa.

Hata hivyo, eksirei za kawaida huonyesha mifupa vizuri, lakini ubongo wenyewe hauonekani. Hapo ndipo Afrika ilipotoa mchango wake. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 alipelekwa kwa muda hospitali ya Groote Schuur kusimamia matumizi ya mionzi, kwa kuwa sheria ilidai awepo mwanafizikia. Akiwa huko alijiuliza: tukipitisha mionzi kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kutuchorea yaliyomo ndani? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, ambaye hakuwa na digrii ya chuo kikuu, alitengeneza mashine ya aina hiyo kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1971 ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Ndugu zangu, sasa tuje karibu na nyumbani, Mbale, mashariki ya Uganda. Ubongo hutengeneza maji, kwa mtu mzima kiasi cha nusu lita kwa siku. Njia yake ikiziba, kichwa cha mtoto mchanga hukua kupita kiasi na ubongo hubanwa. Tiba iliyozoeleka ni kuweka mrija wa kuyapeleka maji hayo tumboni. Mrija huo huokoa maisha, lakini unaweza kuziba, na mtoto anayeishi mbali na hospitali anaweza kufa kabla ya kufikishwa.

Daktari Mmarekani Benjamin Warf alihamia Mbale mwaka 2000. Alipitisha kamera nyembamba kwenye utosi wa mtoto hadi katika vyumba vya maji, akafungua tundu jipya chini ya chumba cha katikati, kisha akaunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji, ili yapungue. Njia hii haifai kwa kila mtoto. Lakini uchunguzi wa watoto 100 hapo Mbale, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba mtoto aliyefanikiwa kwa njia ya tundu hurudi kijijini bila mrija wa kuziba.

Funzo ninalolipata mimi, mtu wa makadirio, ni kwamba kifaa bora kwetu ni kile kinachofikiria safari ya mama anaporudi nyumbani, pamoja na fundi na vipuri vyake. Wenzangu mlio kwenye madaraka, tukumbuke hilo tunapotia sahihi.

Nanyi vijana, msilikimbie somo la hesabu kwa kudhani ni la kufaulia mtihani tu. Tena, mkienda likizo mkakuta mtoto ambaye kichwa chake kinakua haraka, waambieni wazazi wasingoje na wala wasimfiche. Wampeleke hospitali siku hiyo hiyo.