Mzee Mstaafu na Utani wa Nyumbani

Leo hatukuja na habari za mbolea wala choo bora. Tutazungumza juu ya utani. Msicheke bado! Utani nao una kanuni zake, na asiyezijua huweza kuumiza mtu.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu hapa Maili Moja, na vijijini mpaka kule Kisarawe, tuna wazee wengi waliostaafu. Wengine walikuwa walimu, wengine wauguzi, madereva, wapishi wa shule. Mnalijua Shirika la Elimu Kibaha. Lilianza kwa msaada wa nchi za Nordic katika miaka ya 1960, na likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Watu walikuja kufanya kazi huku kutoka mikoa mingi, wakajenga, wakazeekea hapa hapa. Watumishi wengi wa serikali hustaafu kwa lazima wakitimiza miaka 60. Basi Jumatatu moja mzee anaamka, hana zamu, hana kengele, hana mkubwa wa kazi. Ana muda tele. Na mzee mwenye muda, jamani, wajukuu wajihadhari!

Mnawajua wazee hawa. Asubuhi mtoto anatafuta kandambili yake ya kushoto. Babu naye anainuka, anavaa miwani, anasaidia kutafuta chini ya kitanda, mpaka jikoni, huku kandambili ameikalia. Au anamwita mtoto: "Nenda kwa jirani, kamwambie aniazime subira kidogo, nitairudisha jioni." Jirani anaelewa. "Kaa hapo mwanangu, ngoja niitafute." Mtoto anakaa. Anakaa wee, mpaka akichoka kuuliza anaambiwa, "Subira ndiyo hiyo umekwisha kuipata, mpelekee babu yako." Tena yupo anayemwita mjukuu wake wa miaka minne "mke wangu" na kulalamika kuwa chai haina sukari. Mtoto naye hakubali: "Sikutaki, huna meno!" Nyumba nzima inacheka.

Lakini yuko mmoja asiyecheka. Ni mtoto wa mzee, yule mwenye kazi Dar es Salaam, amekuja Jumamosi kusalimia. Ananuna. "Baba, mambo gani haya ya kitoto?" Tumelisikia neno hilo katika nyumba nyingi. Nasi tunaelewa linatoka wapi. Baba huyu, wakati anawalea wao, hakucheka. Akiingia ndani, watoto walikaa kimya. Sasa amekuwaje? Amerukwa na akili?

Hapana. Amepanda cheo. Katika makabila mengi ya nchi yetu desturi ni hiyo: kati ya baba na mwana kuna heshima, kati ya babu na mjukuu kuna utani. Kwa mkwe unainamisha macho, kwa shemeji unatania. Baba alikuwa na kazi ya kufunza na kukanya, hakuwa na ruhusa ya kuchezacheza. Utani wake ulikuwa unangoja wajukuu wazaliwe. Kumwambia leo anyamaze ni kumnyang'anya kazi ya pili, na ile ya kwanza amekwisha kuiacha.

Maana utani ni kazi, ndugu zetu. Tazameni utani wa makabila. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Zamani, katika karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishuka kutoka bara mpaka pwani, kama kule Bagamoyo, ikipita katika nchi za watu. Watu waliokutana njiani walihitaji namna ya kuishi bila kupigana, na wataalamu wengi wanaona kuwa utani wa namna hii ulikua humo. Mtani huweza kuja msibani akazuia jeneza mpaka apewe pesa, akaiga hata mwendo wa marehemu. Waliofiwa hawana ruhusa ya kukasirika! Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe, anachota maji, anapika. Anachukua haki yake na kufanya wajibu wake. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1970 habari za utani wa makabila yetu zilikusanywa huko, zikaandikwa.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Babu aliyeficha kandambili ndiye anayekimbiliwa mtoto akiogopa kuchapwa. Naye huweza kusema lile ambalo baba akilisema litaleta machozi. "Mke wangu, sufuria hii ilioga lini?" Binti anacheka, kisha anakwenda kuisugua. Hakuna aliyepigwa.

Sasa tuseme mipaka, kwa maana wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. "Mke wangu" ni neno la mdomo, tena mbele za watu. Si la mikono wala la chumbani. Mtoto akisema sitaki, imekwisha. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sheria hiyo haijui utani.

Na nyinyi vijana, mnaomrudishia mzee utani, sikilizeni. Msifiche miwani yake wala dawa zake. Tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, msimpigie simu kumwambia fulani amekufa. Mzee mwenye shinikizo la damu huweza kuanguka kabla hamjasema "tulikuwa tunatania". La pesa ndilo baya zaidi. Kijana anampigia babu yake kwa sauti ya kubadili: "Mzee, kiinua mgongo chako kina nyongeza, taja namba ya siri." Anacheka, babu naye anacheka. Wiki ijayo anapiga tapeli wa kweli, maneno yale yale, na babu anadhani ni mjukuu wake tena. Anaitaja ile namba ili amkomoe. Pesa za miaka 30 ya kazi zinaweza kwenda hivyo. Katika pesa na simu, pasiwe na utani kabisa.

Liko jambo moja ambalo watu hulipitia haraka, nasi tunaomba mlikawilie. Mzee anayetania anajua kandambili iko wapi. Ukimtazama, macho yake yanacheka. Lakini ukiona anaweka vitu asikumbuke alipoviweka, anauliza swali moja mara tano, anapotea njia ya dukani aliyoizoea, na mkimcheka anahuzunika au anakuwa mkali, huo si utani. Huenda ni ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee. Pia huenda ni maradhi mengine yenye dawa. Msimcheke, wala msiseme amerogwa. Mpelekeni zahanati, au hospitali ya Tumbi, na aende naye mtu anayekaa naye kila siku ili amweleze mganga aliyoyaona.

Haya, tumalizie na zoezi. Kila mmoja aandike, kwa mistari mitano tu, utani mmoja aliofanyiwa na babu au bibi yake. Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni. Ukisahau, kawaulize wazee. Mtaleta Alhamisi.

Bibi mmoja wa darasa letu ameshatuletea karatasi yake, imekunjwa vizuri. Tumeifungua. Imeandikwa: "Mwalimu, naomba uniazime subira. Zoezi nitaleta wiki ijayo."