Kumtafuta Babu Aliyekuja kwa Meli



Mtu wa kwetu akiulizwa asili yake hutaja ukoo na mwiko wake, na wazee humtambua mara moja. Lakini wako wachache ambao babu yao alikuwa Mdachi, wa zile siku za tangu 1890 hata 1916. Huyo hakuacha ukoo wala mwiko. Aliacha jina tu, tena jina lililokwisha kugeuzwa na vinywa vyetu. Schmidt laweza kuwa Simiti. Wajukuu watamtafutaje?

Ziko orodha za abiria wa meli zilizotoka Hamburg, tangu mwaka 1850 hata 1934. Humo makarani waliandika jina la abiria, kazi yake, mahali alikotoka, jina la meli, na bandari aliyokusudia. Zimetunzwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mji huo, na siku hizi zasomeka hata katika intaneti. Za Bremen hazitufai sana, kwa kuwa nyingi ziliharibiwa na wenye kuzitunza kwa kukosa nafasi, na nyingine zikapotea vitani.

Anayetafuta asitazame Dar es Salaam peke yake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia nyepesi ya Bukoba ikawa Mombasa, kisha reli, kisha meli ya ziwani. Basi babu aweza kuwa ameandikwa abiria wa Mombasa. Tena kama alipandia meli Marseille au Naples, huenda hamo kabisa.

Jina la mahali nalo lina mtego. Emin Pasha, aliyejenga boma la Bukoba mwaka 1890, alizaliwa Oppeln. Leo mji huo waitwa Opole, nao umo katika nchi ya Poland. (Yeye msimtafute katika orodha hizo, alitokea Misri na Sudani.)

Ikiwa babu alikuwa askari wa Prussia, vitabu vingi vya jeshi hilo viliteketea Potsdam mwaka 1945. Ndiyo sababu mstari mmoja wa orodha ya meli una thamani: ukitaja kijiji chake, vitabu vya ubatizo vya kanisa la huko vyaweza kutaja wazazi wake.

Mtafutaji aanze nyumbani. Aandike jina kama bibi alivyolitamka, kazi ya mtu yule, na mwaka alioondoka. Kisha alisome kwa sauti mbele ya orodha, maana karani wa Hamburg naye mara nyingi aliandika kama alivyosikia.