Tembe za Nguvu za Kiume Hukaa Mwilini Muda Gani?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Junda, Kisauni. Mada ya leo ina haya kidogo, mniwie radhi, lakini ni lazima tuizungumze.

Tembe za nguvu za kiume hununuliwa kimyakimya, na mara nyingi mke hana habari. Lakini mume akishikwa na maumivu ya kifua, wewe ndiwe utakayeulizwa: amemeza nini, na saa ngapi?

Aina mbili zinajulikana sana. Ya kwanza ni sildenafili, ndiyo Viagra. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 60, na nguvu yake hudumu kama saa 4. Mlo wa mafuta mengi huichelewesha, na hapo wengine huongeza tembe ya pili. Wasifanye hivyo. Ni mara moja tu kwa siku.

Tena, nguvu kwisha si dawa kwisha. Kila baada ya saa 4 hivi, mwili huondoa nusu ya iliyobaki. Aliyemeza saa tatu usiku, saa saba ana nusu, saa kumi na moja alfajiri ana robo, na saa tatu asubuhi bado ana thumni.

Ya pili ni tadalafili, ndiyo Cialis. Hii hufanya kazi hadi saa 36. Aliyemeza Ijumaa usiku, Jumapili asubuhi bado imo. Kwa wazee, wenye ini au figo dhaifu, na wanaotumia baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, dawa hizi hukaa zaidi.

Kwa nini tuhesabu saa? Tembe hizi hulegeza mishipa ya damu. Dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama ile inayowekwa chini ya ulimi kifua kikibana, huilegeza pia. Zikikutana, presha hushuka ghafla, mtu huzirai, na anaweza kufa. Asipewe naitreti mpaka zipite saa 24 tangu sildenafili, au saa 48 tangu tadalafili. Na anayetumia naitreti asiziguse kabisa tembe hizi.

Kwa hivyo, kifua kikimuuma, usimpe dawa ya jirani. Mkimbize hospitali, ubebe pakiti, useme jina la dawa na saa aliyomeza. Usione haya, daktari atachagua dawa nyingine. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hiyo pia ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mumeo akipungukiwa nguvu, kwanza nendeni mkapimwe sukari na presha, kwani huenda ndicho chanzo. Na tembe ziwekwe mbali na watoto.

Kumbuka mawili: jina la dawa, na saa aliyomeza.