Ile kazi ya kutembea na daftari

(Maneno ya msimamizi wa projeti yetu ya chemchemi mbele ya mkutano mkuu, Baraka)



Juzi sokoni mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, katika ile projeti wewe unafanyaka nini? Fundi anajenga, vijana wanabeba mawe, kesiye anashika makuta. Wewe tunakuonaka tu na daftari." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini usiku nilifikiri, kwa sababu aliuliza vizuri.

Kazi yangu kubwa ni kuuliza mapema. Simiti inavuka ziwa toka Kigoma kwa boti, ao inatoka Uvira kwa barabara, na munajua ile barabara wakati wa mvua: mito ikijaa, lori zinalala njiani. Basi simiti ya mwezi wa kumi mimi naiuliza mwezi wa nane. Namuuliza mwenye boti, namuuliza mwenye depo, narudi tena kumuuliza mwenye boti.

Na udongo. Sisi tulioshuka boti za kurudi toka 2005, wengi tulikuta mashamba yetu yanalimwa na wengine. Pale kwenye chemchemi kuna mtu analima. Tungejenga kwanza na kuuliza nyuma, leo tungekuwa na chemchemi nzuri pamoja na kesi. Ile karatasi yenye sahihi yake na ya kapita ilinichukua majuma matano. Hakuna picha yake katika rapoti.

Sasa neno gumu. Mifuko 14 ya simiti imeharibika. Ilishushwa ufukweni jioni, na mimi sikuuliza kama kuna shitingi ya kuifunika. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi tukakuta mawe. Hakuna aliyeiba. Kosa ni langu. Siku ile ile nililetea komite habari na nikaandikia wafadhili. Kuna walioninongʼoneza: "Nyamaza, toa kwenye makuta ya mbegu, nani atajua?" Hapana. Makuta ya mbegu yalitolewa kwa mbegu. Kuyahamisha bila kuuliza mwenye kuyatoa ni kuiba, hata kama umejengea chemchemi.

Wafadhili wamekubali akiba ya safari inunue mifuko 9. Ndiyo maana mwezi huu munaniona kwa miguu, pikipiki imelala. Inabaki mifuko 5. Miwili nailipa mimi. Mitatu naiomba kwenu, na mukikataa nitaelewa.

Fundi anasema simiti ikifika juma lijalo, maji yatatoka mbele ya Noeli. Isipofika, hapana, na nitakuja kuwaambia hivyo hivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi depo itakuwa wazi. Anayetaka kuhesabu mifuko aje. Daftari litakuwa mezani. Yule mama wa sokoni nimemwomba aje wa kwanza.