Betri ya Sola Wakati wa Mawingu



Leo tuzungumze habari ya betri zetu za sola. Hapa kwetu Rungwe, mwezi wa tatu na wa nne mawingu hukaa siku nyingi. Ndipo betri nyingi hufa. Tunasema, "Tumeuziwa mbovu." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi tunaoiua ni sisi wenyewe.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Darasa letu la jioni lilikuwa na paneli moja na betri moja. Taa ziliwaka, tukasoma. Baadaye tukaleta na televisheni. Masika ikaingia, sisi hatukupunguza kitu. Siku chache tu, taa zikazimika. Betri ikakaa tupu majuma mawili. Jua liliporudi, haikushika chaji tena. Tulisoma kwa kibatari mpaka tulipochangishana kununua nyingine.

Je, paneli hulala kukiwa na mawingu? La. Paneli hutumia mwanga, si joto. Lakini mwanga wa mawingu ni haba. Haya, tupige hesabu.

Paneli ya wati 50, jua kali saa 5: 50 x 5 = 250. Hizi huitwa wati-saa. Siku ya mawingu mazito huenda tukapata sehemu moja ya tano tu, yaani 50. Pengine hata chini ya hapo.

Sasa matumizi. Taa 3 za wati 5, kwa saa 2: 3 x 5 x 2 = 30. Hapo tunapona. Televisheni ya wati 40, kwa saa 4: 40 x 4 = 160. Jumla 190. Tumeingiza 50, tumetoa 190. Zile 140 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye akiba ya betri. Ghala likitolewa madebe manne na kuwekwa moja, njaa haiko mbali.

Tena betri ya tindikali ina mabamba ya risasi ndani yake. Ikikaa bila chaji, mabamba huota ukoko mweupe. Ukoko ukiwa mgumu, chaji haiingii tena.

Basi tufanye hivi:

1. Mawingu yakianza, tuzime televisheni kwanza. Tubakize taa.

2. Tusishushe betri chini ya nusu. Asubuhi kabla ya jua, taa zikiwa zimezimwa, tusome namba kwenye kontrola. Betri ya volti 12 ikionyesha karibu 12.2, imefika nusu. Na kontrola ikikata umeme, tusiiruke kwa waya. Inailinda betri.

3. Tufute paneli, tukate majani ya migomba yanayoitia kivuli. Kivuli kidogo hupunguza nguvu nyingi.

4. Kwa betri ya kuongezwa maji, tuongeze maji ya betri tu, si ya kisima wala ya mto. Tusiimulike kwa kibatari, maana hewa inayotoka ndani yake hulipuka. Tindikali nayo huunguza macho na ngozi.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma na kuhesabu ili vitusaidie nyumbani. Basi tuwe na daftari la betri. Kila asubuhi tuandike tarehe na namba ya volti. Namba ikishuka siku mbili mfululizo, tupunguze matumizi siku hiyo hiyo. Tusingoje giza litufundishe.

Maswali ya kujadili:
Nyumbani kwako mnatumia wati-saa ngapi kwa usiku mmoja? Mawingu yakija, mtazima nini kwanza?